Bosi na Gunia Lake

Machakos,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Shikamoo. Kabla ya lolote nauliza magoti yako: yanaamkaje na hiyo baridi ya Wundanyi? Na kikohozi kilisikia ile tangawizi au bado kinakusindikiza mpaka shambani? Yule mbuzi mweupe alizaa salama? Sisi huku ni wazima wa afya, tunakula na kulala, na Mghoi amerefuka mpaka sketi ya shule niliyomshonea mwezi wa tano inamwacha magoti nje. Fundi mzima wa yunifomu, mtoto wangu mwenyewe anatembea na sketi fupi! Nitaishusha pindo wiki hii.

Nimeandika kwa sababu simu unasema inameza nusu ya maneno, na habari hii sitaki imezwe hata neno moja. Kaka Mwadime atapita Mlolongo na lori Alhamisi akishuka Mombasa. Akisimama kwenye mizani ya malori nitampa bahasha hii mkononi, na ameapa kuifikisha kwako yeye mwenyewe.

Mama, tuna mbwa!

Najua umeshavua miwani ukaniita mwendawazimu. Ivae tena, maana habari ni ndefu na zote ni nzuri, isipokuwa sehemu moja ya katikati ambapo nilifanya upumbavu.

Swali lako sijalisahau. Mwezi wa nane uliniambia kwamba mtoto akizidi kunyamaza namna hii, nimrudishe Desemba akae kwako moja kwa moja, asije akanyauka huku kama mche wa kabeji uliohamishwa juani. Nikakujibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa, Mama, ni mimi niliyekosa la kusema. Jibu limo humu ndani. Lakini usirukie ukurasa wa mwisho, nakujua tabia zako.

Ni mwaka mmoja na nusu sasa tangu nimchukue Mghoi kwako, na muda wote huo aliishi kwangu kama mgeni aliyelelewa vizuri. Sukari aliomba ruhusa kuigusa. Maji ya kunywa alishukuru kama amepewa soda. Ananiita Wakesho kama mlivyokuwa mnaniita wote pale nyumbani, na wewe ndiye Mama, na hilo sikumlaumu nalo, kwa maana nilimwachisha ziwa nikamwacha mgongoni mwako nikafuata cherehani. Kilichoniuma ni ufunguo. Nilimtundikia shingoni kwa utepe mwekundu, ili akitoka shule saa tisa na nusu afungue, ale chakula chake, apumzike. Nikirudi saa kumi na mbili namkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango, mkoba mgongoni, ufunguo shingoni, mlango umefungwa. Kila siku. Nilipomuuliza kwa nini haingii, alisema, "Ndani hakuna mtu."

Basi jirani yangu Mama Kanini, yule uliyesalimiana naye kwenye simu mkacheka kama mnaelewana, akaniambia, "Huyu mtoto atafutiwe mbwa. Dada yangu mkubwa ako Tala, mbwa yake imezaa. Twende Jumamosi." Nami wazo likanishika papo hapo! Nyumba hii ina ua wake mdogo wenye uzio wa vichaka vya kayaba, mwenye nyumba hana neno, na nilishaanza kujiona nimebeba kimbwa kidogo ndani ya sweta. Nilitaka kale kadogo kabisa, Mama. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo ulivyotufundisha? Nilisema tutamchukua hajui kitu wala mtu, tumlee wenyewe, asijue kwingine ila kwetu. Nilikuwa na hamu hiyo kuliko Mghoi mwenyewe. Yeye alisema tu, "Sawa, Wakesho."

Dada yake Mama Kanini kila mtu anamwita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Ni mama mnene wa kucheka, anauza mitumba sokoni Tala, na nyuma ya nyumba yake, kando ya ghala la mahindi, kulikuwa na mbwa jike wa rangi ya udongo na vitoto sita vya wiki nne. Mama, vile vitoto! Tumbo kama andazi lililoumuka. Nikaokota kimoja, kikanisinzia mkononi, nikajua kazi imekwisha.

"Huyu ndiye," nikasema.

"Huyo sipeani," Susu akasema. "Akae na mama yake wiki nne tena."

"Nitamlea kwa chupa, Susu. Nitamnunulia maziwa kila siku."

"Uko na kazi?"

"Nashona yunifomu mjini."

"Unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na huyu atalelewa na nani mchana? Na kufuli?"

Nikakageuzageuza kale kambwa mkononi kama natafuta pindo. Hilo swali, Mama, si mara ya kwanza kuulizwa. Wewe uliniuliza lilo hilo miaka minane iliyopita, Mghoi akiwa begani mwangu na kazi ikiningoja Mlolongo, na jibu halikuwepo siku ile pia.

Susu akaona nimenyong'onyea, akaanza kunifunza kwa upole. Akasema watu wote wanataka kadogo ka kubeba kwa mkono, lakini mbwa akitolewa mapema hajui kwamba meno yake ni makali. "Lazima aumwe na ndugu zake kwanza. Akiwauma sana wanakataa kucheza na yeye, mama yake anamnguruma. Hapo ndio anajua kuuma kunauma. Wewe ukimchukua leo, nani atamfunza? Atafunzwa na mkono ya mtoto yako." Nilikuwa sijawahi kufikiria jambo hilo hata siku moja. Sisi nyumbani tulikuwa tunachukua mbwa hata macho hayajazoea mwangaza, kisha tunashangaa anakula kuku na kuuma wageni.

Nikageuka kumtafuta Mghoi nimwambie twende zetu. Alikuwa amechuchumaa kando ya ghala, na mbele yake kulikuwa na mbwa mwingine wa rangi ileile, mwenye soksi nyeupe, miguu mirefu kama ameazima, sikio moja limesimama na lingine limelala. Ni wa mzao uliotangulia, ana miezi mitano. Ndugu zake wote walichukuliwa, yeye akabaki kwa sababu kila mnunuzi akija anajificha nyuma ya mama yake. Jina lake Bosi, na sijaona bosi mwoga kama huyo. Lakini kwa Mghoi hakujificha. Walikuwa wanatazamana tu.

"Wakesho, tuchukue huyu."

"Huyu ni mkubwa, Mghoi. Ameshazoea kwao. Hatatupenda."

Akainua macho. "Kwani mkubwa hapendi?"

Mama, swali hilo lilinikata maini. Hakulisema kwa ubaya, aliuliza kama anavyouliza hesabu. Lakini hata Mama Kanini, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, aligeuka akaanza kusifu mahindi ghalani. Nikarudisha kale kadogo kwa mama yake, kakaangukia ziwa palepale kama hakajawahi kuniona, nikasema, "Haya. Tumchukue Bosi."

Susu alifurahi mpaka akapiga makofi. Akatupa kadi ya daktari wa mifugo, sindano zote ameshadungwa, akatuonyesha kwamba anakula ugali na mabaki kama mtu mzima, hana haja ya maziwa wala kuamshwa usiku. Halafu akavuta gunia kuukuu kutoka chini ya ghala, lile analolalia Bosi pamoja na mama yake, akalikunja akampa Mghoi. "Aende na gunia lake," akasema. Gunia lilinuka, Mama! Lilinuka hata nikatamani kulifunga kwenye buti la gari la jirani. Mghoi alilipakata njia nzima.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kichekesho. Nilimwita kwa Kiswahili sanifu, nikamwita kwa Kitaita chetu, hata Kiingereza nilijaribu, Bosi ananitazama kama mtu aliyepanda gari lisilo lake. Mama Kanini akachungulia juu ya kayaba. "Unamwongelesha nini? Huyo ni Mkamba! Mwambie uka vaa." Mghoi akasema, "Uka vaa, Bosi," yaani njoo hapa, na mbwa akaja mbio mpaka akamwangusha. Mghoi alicheka. Alicheka kwa sauti, Mama, akiwa amelala chali kwenye vumbi, na mimi nikasimama na mwiko mkononi ugali ukiungua. Nilitaka pia kumbadilisha jina awe Simba kama mbwa wa watu wengine. Mghoi akakataa, akasema ana jina lake tayari.

Sasa ule upumbavu. Unanijua na sabuni, wewe ndiye uliyeniharibu. Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda kazini nililoweka lile gunia, nikalisugua kwa brashi, nikalisuuza mara tatu, nikalianika juu ya kayaba. Nikaondoka nikijisifu. Jioni lilikuwa limekauka, linanukia kama shati la mwalimu mkuu, nikamtandikia Bosi. Akalinusa upande mmoja. Akalinusa upande wa pili. Akazunguka ua wote pua chini akitafuta, akarudi, akalinusa tena, halafu akaketi kando yake akaanza kulia. Hakulilalia. Mghoi alitazama gunia, akanitazama mimi, akaingia ndani. Nikadhani ni uchovu wa shule.

Jumanne narudi saa kumi na mbili, jua bado liko, lango liko wazi. Bosi hayupo. Mlangoni hakuna mtoto wala mkoba. Niliita mpaka koo likakauka. Mama Kanini akatoka na unga mikononi, naye hakuwa ameona kitu. Sitakuficha, Mama, nilikimbia barabarani na viatu mkononi, na kitu pekee nilichokuwa nikiwaza ni wewe. Nitamwambia nini mama yangu? Alinipa mtoto mzima.

Niliwakuta kwenye daraja dogo la barabara inayoelekea Kangundo, upande ule ule wa Tala. Bosi amelala kifudifudi, amegoma, na Mghoi ameketi kwenye nyasi amemkumbatia shingoni. Alikuwa amemfuata tangu langoni, kilomita nzima na zaidi, akimwita uka, uka, uka. Nilitaka kumgombeza na kumbusu, sikufanya lolote, niliketi tu chini nikihema.

"Hakuwa anatoroka," Mghoi akasema. "Alikuwa anatafuta harufu ya kwao. Wewe umeifua."

"Sikujua, mama yangu."

"Usifue vitu vya watu, Wakesho."

Nikaomba msamaha. Nilidhani ni habari ya gunia. Ndipo akaniambia, huku akimkuna mbwa nyuma ya lile sikio lililolala, kwamba siku ile ya kwanza nilipomleta Machakos nilimvua nguo zote alizokuja nazo nikazifua. Nakumbuka. Nilizifua kwa furaha, nikiimba, kwa sababu zilinuka moshi na nilitaka aanze na kila kitu kisafi. "Ulikuwa moshi wa jikoni kwa Mama," akasema. "Nililia chooni ili usisikie."

Mwaka mmoja na nusu, Mama. Mwaka mmoja na nusu nakaa na mtu ndani ya nyumba na sikujua. Nililia pale darajani bila aibu, wenye bodaboda wanapita wanapunguza mwendo kutazama, na Mghoi akanipigapiga begani kama unavyofanya wewe, mara mbili kisha mara moja. Tukarudi nyumbani pole pole. Bosi alikubali kutembea Mghoi alipomvulia sweta lake la shule akambebea mbele ya pua.

Sasa cheka. Mama Kanini aliposikia, alishika kiuno akaniambia, "We mama wa Taita, gunia ya mbwa hufuliwa na nani?" Akalichukua lile gunia langu safi, akalituma Tala kwa kijana wa bodaboda, na Susu akalitandika chini ya yule mbwa jike na vitoto vyake sita. Gunia lilikaa huko siku tatu likinuka upya kwa bidii! Mafundi wenzangu kazini walikuwa wananiuliza kila asubuhi, "Gunia linaendeleaje?" Lilirudi Ijumaa, na nakwambia ukweli wa Mungu, lilikuwa baya kuliko mara ya kwanza. Bosi alilinusa mara moja tu. Akajizungusha, akaanguka juu yake kama mtu aliyetoka safari ya mbali, akalala mpaka Jumamosi asubuhi.

Tangu hapo, Mama, hii nyumba usingeijua. Bosi amekula kiatu changu cha kushoto cha kanisani, na leo nimeenda misa na ndara. Amejua saa tisa na nusu bila saa. Mama Kanini anasema mbwa anakwenda kukaa langoni hata kabla watoto hawajaonekana barabarani. Akicheza na Mghoi humshika mkono kwa meno taratibu kama anayebeba yai, na nakumbuka maneno ya Susu. Watoto wa majirani wanakuja kumwona, na Mghoi anawapangia zamu, sauti yake inasikika mpaka kwa kinyozi. Anamfundisha lugha yetu pia. Anasema Kikamba asisahau, lakini aongeze.

Na mlango, Mama. Wiki jana nilirudi saa kumi na mbili, sikukuta mtu kwenye ngazi. Nikakumbuka daraja. Kumbe mlango ulikuwa wazi, taa inawaka, Mghoi yuko mezani anaandika kazi ya shule huku Bosi amelala juu ya miguu yake, na sukari ilikuwa imefunguliwa bila ruhusa ya mtu! Nilisimama nje kidogo nikijifanya natafuta kitu mkobani.

Kwa hiyo nikamuuliza. Niliogopa, lakini nikamuuliza, kwa kuwa jibu ni lake. Nikamwambia, "Mama anataka kujua kama Desemba ungependa kwenda kukaa kwake." Alimtoa Bosi kupe mmoja sikioni. Halafu akasema, "Nitaenda kumsalimia. Wiki mbili. Bosi atabaki na Mama Kanini, lakini si zaidi ya wiki mbili kwa sababu anampa mifupa ya kuku."

Kwenda kusalimia, Mama. Nimeligeuza neno hilo kichwani wiki nzima. Najua litakufurahisha na litakuuma, maana mimi mwenyewe nimelia na kucheka nalo. Umenilelea mtoto akawa mtu mzuri, mwenye kujua kuuma kunauma. Mimi nisingeweza wakati ule, na leo nasema hivyo bila kuona haya. Sikumchukua mchanga, nimempata mkubwa, na anapenda. Bado ananiita Wakesho. Nilidhani nitajali sana, sasa najali kidogo tu.

Nisalimie Mjomba Mwakio anayekulimia lile tuta la juu, mwambie jembe lake nitalileta Desemba. Shangazi Mkawasi wa kwaya nampa pole ya jino. Wifi, mke wa Mwadime, mwambie mumewe amenenepa barabarani, sijui ni chakula cha nani. Na yule mzee wetu Mbwa Koko anayelala kizingitini pako, mpe kipande cha kimanga chako cha muhogo na maharagwe kwa niaba ya Bosi.

Kuna ombi moja, na si langu. Unakumbuka siku tulipoondoka, Mghoi alikataa kubeba lile blanketi lake la bluu? Nililitia kwenye begi mara mbili, akalitoa mara mbili, akalirudisha kitandani kwako akasema liache hapa, nitalikuta nikirudi. Jana akiwa anamtandikia Bosi gunia, aliniambia bila kugeuka, "Mwambie Mama anitumie blanketi langu."

Mpe Mwadime alilete akipandisha. Tafadhali, Mama, usilifue.

Ni mimi mwanao,
Wakesho